UZI: Kila kitu kinachojirekebisha huyumba kwa sababu moja tu, kuchelewa. Mwenye nondo apinge

#1 Mtambo_Baridi

Wakuu, salaam.

Tangu mwanahisabati Norbert Wiener achapishe kitabu chake cha sibanetiki (elimu ya mifumo inayojiongoza) mwaka 1948, hoja kuu imekuwa hii: mnyama, mashine na jamii huongozwa kwa utaratibu ule ule. Kuna kiwango kinacholengwa, kuna kinachopima hali ilivyo, kuna kinacholinganisha, na kuna kinachotenda ili kupunguza tofauti. Matokeo yanapimwa upya, mzunguko unaendelea. Huo ndio mrejesho hasi.

Dai langu: mfumo wa namna hiyo ukianza kuyumba, yaani unapita lengo, unashuka chini yake, unapita tena, mkosaji ni kuchelewa. Taarifa inafika imechacha, unasahihisha kosa ambalo limeshaondoka. Ukiwa na kitu kinachojaa kama tangi, na kuchelewa ni L, kuyumba kunajirudia kila baada ya 4L. Iwe ni joto la mashine ya kutotolesha, homoni au riba ya benki kuu, hesabu haibadiliki.

Nani ana mfano wa fani yake unaokataa? Leteni namba, msije na "inategemea".

#2 Chumvi_Kidogo

Inategemea.

#3 Kikuku_Kienyeji

Kwenye mashine za kutotolesha dai lako lina nusu ya ukweli. Wengi wanatumia kile kibao cha themostati cha W1209 cha volti 12. Kinatoka kiwandani P1 ikiwa 2.0, kwa hiyo ukiweka 37.5, hita inazimika ikifika 37.5 na haiwaki tena mpaka joto lishuke hadi 35.5. Hapo hakuna kuchelewa kokote, ni mpangilio tu. Shikilia kitufe cha SET mpaka ionekane P0, hakikisha ni H (kupasha) na si C, kisha nenda P1 uweke 0.2 au 0.3. P4 ni ya kusawazisha sensa ikitofautiana na kipimajoto unachokiamini.

Tatizo la pili ni hita kubwa kupita kiasi. Boksi linalopoteza wati 60 likiwa kwenye 37.5, mtu analifungia hita ya wati 500. Relei (swichi ya kibao) inakata, lakini waya umeshabeba joto, linaendelea kupanda mpaka 39. Chagua hita ambayo mashine ikitulia inawaka kati ya nusu na theluthi mbili za muda. Kwa boksi hilo wati 100 zinatosha. Sensa ikae usawa wa juu wa mayai, mbali na balbu, isitazamane na mdomo wa feni. Feni izunguke muda wote, usiiunganishe na hita.

Na usikimbilie kubana P1 hadi 0.1. Relei itagonga mfululizo, na ile relei ndogo ya ampea 10 midomo yake inaungua na kushikana. Ikishikana ikiwa imewaka, umechemsha mayai. Weka themostati ya pili ya usalama kwenye 38.5 ikate umeme wa hita moja kwa moja.

#4 Mtambo_Baridi

@Kikuku_Kienyeji ahsante mkuu. Lakini joto lililobaki kwenye waya baada ya relei kukata si kuchelewa hilo? Umeniunga mkono bila kutaka.

#5 Maporomoko

Hapana, tusichanganye. Hiyo 4L ya #1 ina masharti ambayo mleta uzi hakuyataja. Ni kweli pale tu unapodhibiti kitu kinachojaa, kwa sahihisho linalolingana na kosa, na geini, yaani nguvu ya sahihisho kwa kila kosa, ikiwa ukingoni kabisa. Iite geini K. K mara L ikiwa chini ya 0.37, mfumo unafika kwenye lengo bila hata kulipita. Kati ya 0.37 na 1.57 unayumba kisha unatulia. Ukipita 1.57 kila wimbi ni kubwa kuliko lililotangulia. Kwa hiyo kuchelewa kule kule, L ile ile, kunaweza kuwa na amani au balaa kutegemea unasahihisha kwa nguvu kiasi gani. Chumvi alikuwa sahihi kwenye #2, ingawa sidhani alijua.

Mfano wa mitambo ya maji. Masafa ya umeme yakishuka chini ya herzi 50, gavana ya turbini, kifaa kinachodhibiti kasi yake, inafungua maji zaidi. Tatizo: lango likifunguka, shinikizo kwenye bomba linashuka kwanza kwa sababu maji yote yaliyo humo yanahitaji muda kushika kasi. Nguvu INAPUNGUA kabla ya kuongezeka. Gavana yenye pupa ikiona masafa yanazidi kushuka inafungua zaidi, inaharibu zaidi. Hapa taarifa inafika kwa wakati kabisa, ila kitendo kinaanza kwa kwenda kinyume.

Dawa yake ni kuipa gavana ulegevu wa muda: inasogea kidogo kwanza, halafu inamalizia polepole. Kanuni inayotumika sana: muda wa maji kuanza kasi ukiwa Tw, na muda wa mashine kuanza mzunguko TM, basi muda wa kurejea ni (5 − 0.5(Tw − 1)) × Tw, na ulegevu wa muda ni (2.3 − 0.15(Tw − 1)) × Tw ÷ TM. Weka Tw sekunde 2 na TM sekunde 8, unapata sekunde 9 na 0.54. Huo ni mwanzo wa kurekebisha, mengine unayamalizia kwenye mtambo wenyewe.

#6 Chumvi_Kidogo

Nilijua. Nilikuwa nakusubiri.

#7 Zamu_ya_Usiku

Upande wa tiba naleta mifano miwili inayopingana, chagueni wenyewe.

Wa kwanza unamfaa mleta uzi. Mgonjwa mwenye tezi ya thairoidi isiyofanya kazi ya kutosha anapewa levothairoksini. Nusu ya dawa hiyo huondoka mwilini kwa takriban siku 7, kwa hiyo kiwango kwenye damu hakitulii mpaka wiki 5 hivi. TSH, homoni inayopanda dozi isipotosha, inapimwa wiki 6 hadi 8 baada ya kubadilisha dozi, na dozi inasogezwa kwa mikrogramu 12.5 hadi 25. Anayepima kila wiki mbili na kupandisha kila mara, miezi michache baadaye mgonjwa moyo unamwenda mbio. Kisha anashushiwa kwa pupa ile ile, anarudi kuchoka na kusikia baridi. Daktari ndiye gavana hapo. Sensa pia ina mtego wake: dawa inamezwa tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vikae mbali nayo saa 4. Mgonjwa asipofanya hivyo, TSH inapanda na wewe unaongeza dozi ambayo haikuwa na kosa.

Wa pili unampinga. Mgonjwa wa moyo uliochoka hupumua kwa mawimbi akilala: pumzi zinakua, zinafifia, zinakatika, zinaanza tena, kila wimbi takriban sekunde 45 hadi 90. Damu inachelewa kutoka kwenye mapafu kufika kwenye vihisio vya shingoni na kwenye ubongo. Hapo ni kuchelewa, sawa. Lakini mpeleke kijana mzima wa afya alale Kibo Hut, mita 4,720 kule Kilimanjaro, naye atapumua kwa mawimbi, tena mafupi zaidi. Moyo wake hauna shida na damu haijachelewa. Kilichobadilika ni geini: hewa ikiwa hafifu, vihisio vinakuwa vikali, badiliko dogo linaleta pumzi kubwa. Dawa ya asetazolamaidi, miligramu 125 mara mbili kwa siku kwa kawaida ya kinga, inapunguza mawimbi hayo bila kugusa kasi ya damu.

Tabia moja, visababishi viwili.

#8 Kijana_wa_Kisumu

Hapo kwa Kilimanjaro umemaliza mchezo, daktari. Lakini niulize, hii gavana ya turbini si ndiyo ile James Watt aligundua? Basi sibanetiki ni ya 1788, si ya Wiener.

#9 Maporomoko

Watt aliichukua kwenye vinu vya upepo, ambako vyuma vya kuzunguka vilikuwa tayari vinatumika kurekebisha mawe ya kusagia. Akaiweka kwenye injini ya mvuke 1788. Hesabu ya kwa nini nyingine zilikuwa zinayumba ilikuja na James Clerk Maxwell mwaka 1868. Halafu Minorsky 1922 akaandika kuhusu usukani wa meli unaojiendesha, Harold Black 1927 akaweka mrejesho hasi kwenye vikuza sauti vya simu. Wiener alichofanya ni kusema kwamba hawa wote, pamoja na mwili wa mnyama, wanaongelea kitu kimoja.

#10 Rejareja

Natoka kwenye ugavi, na kwangu wote mnapiga pembeni. Kuna mchezo wa chuo cha MIT, Marekani, uliotokana na kazi za Jay Forrester: watu wanne kwenye mnyororo, muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji, kiwanda. Mteja anaagiza kreti 4 kila wiki, kisha kuanzia wiki ya 5 anaagiza 8, na hapo hapo anakaa mpaka mwisho. Basi. Badiliko moja tu. Mzigo unachukua wiki mbili kutoka kituo hadi kituo. Karibu kila kundi linaishia na kiwanda kinachopelekewa oda za makumi ya kreti, kisha sifuri, huku stoo zimefurika.

John Sterman alichambua michezo hiyo mwaka 1989. Kuchelewa kulikuwepo, lakini kila mchezaji alikujua, kumeandikwa kwenye kanuni. Kosa lilikuwa kwamba watu hawahesabu mzigo ambao wameshauagiza na uko njiani. Wanaona stoo tupu, wanaagiza. Kesho bado tupu, wanaagiza tena. Anayetoa mzigo ulio njiani kwenye oda mpya hayumbi sana, kuchelewa kukiwa kule kule.

Kwa hiyo jibu langu: mfumo unayumba kwa sababu mdhibiti hana kumbukumbu ya alichokwisha kutenda.

#11 Zamu_ya_Usiku

@Rejareja hiyo kwetu ni insulini iliyorundikana. Tuchukue namba za hesabu, si dozi ya mtu yeyote: sukari 14, lengo 6, uniti 1 inashusha 2. Unachoma 4. Baada ya saa moja inasoma 12, mtu anaogopa, anachoma 3 nyingine. Lakini zile 4 za kwanza bado zina takriban 3 ambazo hazijafanya kazi, na hizo peke yake zingeifikisha 6. Ukiongeza 3 mpya hesabu inakupeleka sifuri, yaani mgonjwa anazimia usiku. Insulini ya haraka inafanya kazi saa 3 hadi 5. Pampu za kisasa zinatunza hesabu ya insulini iliyobaki mwilini na kuitoa kabla ya kupendekeza nyingine. Ni ule ule mzigo ulio njiani.

#12 Kikuku_Kienyeji

Na lile joto lililobaki kwenye waya wa hita ni mzigo ulio njiani pia. Mtambo_Baridi aliliita kuchelewa kwenye #4, Rejareja ataliita kusahau.

#13 Chumvi_Kidogo

Mtagombania hiyo hita mpaka vifaranga vizeeke.

#14 Pakiti_Iliyopotea

Kwenye mtandao tuna ushahidi mzuri wa pande zote. Oktoba 1986, kasi kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, majengo yaliyo umbali wa mita mia chache, ilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Kila kompyuta isiyopata jibu ilituma pakiti upya, foleni ikawa ndefu zaidi, majibu yakachelewa zaidi. Van Jacobson mwaka 1988 akaeleza dawa: pakiti ikipotea punguza dirisha la kutuma (kiasi unachotuma kabla ya kupata jibu) kwa nusu, mambo yakiwa shwari ongeza kidogo kidogo. Kushuka kwa kasi, kupanda kwa taratibu. Hiyo ni geini isiyolingana pande mbili, na ndiyo inayoleta utulivu.

Lakini baadaye watengenezaji wa ruta wakaweka bafa (nafasi ya pakiti kusubiri) kubwa kwa nia njema, pakiti zisipotee. Matokeo: ishara ya "punguza" haifiki mpaka bafa ijae, na sekunde nzima inaweza kupotea humo. Mtu mmoja nyumbani akipakia video, mwingine simu ya mtandaoni inakatika. Ukitaka kuitibu, weka fq_codel, programu ya kusimamia foleni, kwenye ruta, kisha punguza kasi yake hadi asilimia 85–95 ya kasi halisi ya laini ili foleni ijengeke kwako na si kwa mtoa huduma. Usipofanya hiyo hatua ya pili, ya kwanza haina kazi.

#15 Mtambo_Baridi

Bafa ya Pakiti ni kuchelewa kitupu. Naomba iandikwe upande wangu.

#16 Telex_ya_Santiago

Mnaongelea mashine na miili. Nani atagusa serikali? Chile 1971, serikali ya Allende ilimwita Stafford Beer kutoka Uingereza asaidie kusimamia viwanda vilivyotaifishwa. Mradi ukaitwa Cybersyn. Chumba cha maamuzi Santiago, viti saba, takwimu za viwanda ukutani.

#17 Kijana_wa_Kisumu

Hiyo naijua, kila kiwanda kilipewa kompyuta miaka hiyo ya 70. Walikuwa mbele kweli.

#18 Telex_ya_Santiago

Hapana ndugu. Viwandani zilikuwa telex. Kompyuta ilikuwa ya pamoja, Santiago, na takwimu zilifika mara moja kwa siku. Programu ilikuwa inachuja: namba ikitoka nje ya mkondo wake wa kawaida ndipo meneja wa kiwanda anajulishwa, na anapewa muda wa kurekebisha kabla ngazi ya juu haijaambiwa. Hapo ndipo penye sibanetiki yenyewe, kuliko viti.

Beer alisimama juu ya sheria ya Ross Ashby ya 1956: mdhibiti lazima awe na aina nyingi za majibu angalau sawa na aina za misukosuko inayomfika. Wizara yenye majibu kumi haiwezi kuongoza viwanda vyenye matatizo elfu, hata taarifa zikifika papo hapo. Ndiyo maana aliacha maamuzi mengi chini. Wenye malori walipogoma Oktoba 1972, kilichosaidia serikali ni mtandao wa telex, ngazi za chini zikiambiana lori lipo wapi na barabara ipi iko wazi. Chumba chenyewe hakikupata kufanya kazi sawasawa kabla ya mapinduzi ya Septemba 11, 1973.

Kwa hiyo sababu ya nne: uhaba wa majibu. Wala sio kuchelewa, geini au kusahau.

#19 Rejareja

Sheria ya Ashby inaeleza kushindwa. Haielezi kuyumba. Mdhibiti mwenye majibu machache anakwama, hapandi na kushuka.

#20 Telex_ya_Santiago

Themostati ya Kikuku ina majibu mawili, kuwaka na kuzima. Inakwama au inayumba?

#21 Kikuku_Kienyeji

Inayumba. Wenye kutaka kuacha kuyumba wanahamia kwenye udhibiti wa PID (P inalingana na kosa la sasa, I inajumlisha makosa ya nyuma, D inatazama kosa linavyobadilika) na relei isiyo na midomo. Njia ya Ziegler na Nichols ya 1942: zima sehemu za I na D, pandisha geini mpaka joto liyumbe kwa kiwango kimoja bila kukua wala kufifia, andika geini hiyo (Ku) na muda wa wimbi (Tu). Kisha weka P = 0.6 Ku, muda wa I = Tu ÷ 2, muda wa D = Tu ÷ 8. Kwa mayai punguza P hiyo hadi nusu, maana njia hii inapenda kupita lengo. Fanya kazi hii boksi likiwa na chupa za maji badala ya mayai.

Na ukiwasha boksi la baridi, zuia I isijumlishe mpaka joto likaribie lengo kwa digrii 1. Vinginevyo inakusanya deni la nusu saa na joto linapitiliza vibaya.

#22 Nyika_Tulivu

Ninyi wote mna mtu au kifaa kilichoweka lengo. Serengeti hakuna. Chanjo ya ng'ombe ilipoondoa sotoka miaka ya 1960, nyumbu walitoka karibu 250,000 mwaka 1961 hadi takriban milioni 1.3 kufikia 1977. Kisha wakaacha kuongezeka. Hakuna aliyeandika milioni 1.3 popote, ni chakula cha kiangazi kilichowasimamisha. Ukame wa 1993 uliua wengi, baadaye wakarudi karibu na walipokuwa.

Pembeni kukatokea mzunguko mwingine: nyumbu wengi wanakula nyasi, nyasi kavu zinapungua, moto wa mbugani unapungua, miche ya miti inanusurika, miti inaongezeka. Huo ni mrejesho unaosukuma mfumo kwenye hali mpya. Anayetazama nyumbu tu anasema mfumo umetulia. Anayetazama miti anasema unahama.

Na kuna kuchelewa kwingi mno hapo, ndama anachukua miaka kukua. Mbona nyumbu hawayumbi kwa mawimbi makubwa, Mtambo_Baridi?

#23 Mtambo_Baridi

Maporomoko ameshajibu kwenye #5, K mara L ni ndogo. Nyumbu hazai ndama zaidi ya mmoja kwa mwaka.

#24 Nyika_Tulivu

Basi umehama kutoka "kuchelewa" kwenda "kuchelewa mara geini". Karibu.

#25 Hazina_ya_Jirani

Mmenisubirisha. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia riba kama chombo kikuu Januari 2024, ikaanza na asilimia 5.5, Aprili ikapandisha hadi 6. Riba huchukua mwaka hadi miaka miwili kuonekana sawasawa kwenye bei, kwa hiyo L ni kubwa, nakubali. Bill Phillips, yule aliyejenga mashine ya maji inayoonyesha mzunguko wa fedha mwaka 1949, aliandika 1954 kwamba serikali ikisahihisha uchumi kwa kujumlisha makosa ya nyuma huku kuna kuchelewa, itazalisha mawimbi yenyewe. Ni ile I ya Kikuku. Kanuni ya Taylor ya 1993 ni P tupu: mfumuko ukizidi lengo kwa asilimia 1, riba inapanda kwa 1.5.

Ila hesabu ya #1 haifiki kwetu kwa sababu nyingine kabisa. Hita haisikilizi redio. Mfanyabiashara akisikia benki itapandisha riba mwezi ujao, anabadilisha bei leo. Robert Lucas alilisema 1976: ukibadilisha kanuni ya kusahihisha, tabia ya unachokisahihisha nayo inabadilika. K na L hazikai zikusubiri uzipime.

#26 Maporomoko

Kwenye gridi zinapimwa. Mashine ya megawati 235, zile za Rufiji ukubwa wake ni huo, ikiwekewa ulegevu wa kudumu wa asilimia 5, yaani inakubali masafa yashuke kidogo kadiri mzigo unavyopanda: masafa yakishuka 0.25 Hz inaongeza asilimia 10, yaani megawati 23.5. Weka mbili bila ulegevu wowote kwenye gridi moja, kila moja itataka 50.00 yake, zitavutana, moja itabeba mzigo wote na nyingine itaachia. Je, benki kuu mbili za jirani zikifuata malengo tofauti bila ulegevu, hazivutani namna hiyo?

#27 Hazina_ya_Jirani

Ulegevu wao ni thamani ya sarafu. Ukiufunga, unavutana.

#28 Zamu_ya_Usiku

Na mwili nao unasikiliza redio, mkuu. Insulini huanza kutoka kabla sukari haijapanda, kwa harufu na ladha ya chakula tu. Kwa hiyo hilo la #25 haliihusu jamii peke yake.

#29 Chumvi_Kidogo

Kwa hiyo riba imesikia harufu ya pilau. Endeleeni.

#30 Hazina_ya_Jirani

@Zamu_ya_Usiku kongosho lako halisomi taarifa ya kamati ya sera na kukisia daktari atafanya nini robo ijayo. Likianza kusoma, niite.